Majeruhi wa Bata

Fundi Rachidi aliumia goti siku ya Ijumaa, baada ya sala, akimkimbiza bata.

Bata mwenyewe alikuwa wa mkewe, Sijaona. Alikuwa ametoroka uani akashika barabara ya kumi na tatu, katikati ya mtaa wa Buyenzi, kana kwamba ana shughuli zake mjini. Rachidi, mtu wa miaka hamsini na mmoja, fundi wa magari tangu ujana, alikuwa bado na kanzu na ndara. Alimvizia penye mfereji, akaruka. Ndara moja ikabaki nyuma, na goti la kulia likapinda upande ambao Mungu hakuliumba lipinde. Bata alirudi nyumbani mwenyewe. Rachidi alirudishwa na majirani wawili.

Bahati yake, au tuseme balaa lake, ni kwamba alasiri hiyohiyo milio ilisikika kutoka milimani, na kombora moja likaanguka mahali fulani ng'ambo ya mto. Ulikuwa mwaka wa 2003, na watu wa Bujumbura walikuwa wameshazoea kuulizana "Limeanguka wapi?" kama wanavyoulizana bei ya sukari. Kesho yake Rachidi alipoingia gereji akichechemea, Anouar, mwenzake wa kazi, aliacha spana ikaanguka.

"Yoo! Mzee, bamekupiga?"

Jibu la kweli lilikuwa na bata ndani yake, na pale gereji palikuwa na wateja wanne.

"We acha tu," alisema Rachidi. "Vita si muchezo."

Hakudanganya. Vita si mchezo, nani asiyejua? Lakini kufika Jumatatu kombora lilikuwa limeanguka hatua kumi kutoka aliposimama. Kufika Ijumaa iliyofuata zilikuwa hatua tatu, na alikuwa amemsukuma pembeni mtoto wa watu. Rachidi mwenyewe hakuongeza hata neno moja. Alikaa kimya tu, na kimya chake watu wakakiona ni unyenyekevu.

Goti nalo halikupona. Lilivimba, likanywea, likavimba tena. Miezi sita ikapita, na fundi asiyeweza kuchuchumaa akawa mzigo kwenye gereji yake mwenyewe. Akilala chini ya gari juu ya boksi, kutoka kulihitaji wanaume wawili: Anouar mkono mmoja, mteja mkono wa pili, kama watu wanaong'oa muhogo. Siku nyingine aliona bora akae kwenye kiti na kuelekeza kwa kidole, na wateja wakaanza kumsalimia Anouar kwanza.

Msikitini ilikuwa mbaya zaidi. Nyuma, ukutani, palikuwa na viti vinne vya wazee wasioweza kusujudu. Mdogo wao alikuwa na miaka sabini na sita. Walisogea, wakampa nafasi, wakamwambia, "Karibu, kijana." Ukarimu ule ulimuuma kuliko goti.

*

Daktari alimbonyeza huku na huku, akasema hakuna cha kupasua.

"Ile nyama ya paja imelala, mzee. Lazima uiamushe. Mazoezi kwa kine, miezi mitatu."

"Kine ni nani?"

"Ni mutu wa kunyoosha viungo."

Bei ya huyo mtu wa kunyoosha viungo, kwa asubuhi moja, ilikuwa sawa na kazi ya gereji kutwa nzima. Rachidi alishukuru, akatoka na karatasi yake, akaikunja ikawa ndogo kama hirizi.

Ni Anouar aliyeleta dawa. Huko Kamenge, alisema, wafadhili walikuwa wamefungua kituo cha mazoezi kwa majeruhi wa vita. Bure kabisa. Yeye alimjua karani wa pale. Baada ya siku tatu alikuja na fomu iliyojazwa tayari, ikabaki sahihi tu.

Sijaona aliikuta fomu mezani. Alikuwa amesoma hadi darasa la sita kwa masista, na Kifaransa chake cha kusoma kilikuwa hakijaota kutu.

"*Blessé de guerre*," alisoma polepole. "Majeruhi wa vita. Vita gani hii, baba Houda? Vita na bata yangu?"

"Punguza sauti."

"Na yeye tumuandikishe? Maana alipoteza manyoya."

"Si mi nimeandika. Ni Anouar."

"Na hii sahihi ya chini, ni ya Anouar?"

Rachidi aliichukua fomu, akaikunja. Mtu anayeumwa hakosi hoja. Alijiambia kwamba pesa za wafadhili hazina mwenyewe. Alijiambia kwamba vita vimemnyang'anya mengi, wateja, usingizi, kaka yake aliyekimbilia Uvira na hakurudi, kwa hiyo goti moja wamfidie tu. Njia ya mwongo ni fupi, husema watu. Ya Rachidi ilifika mpaka Kamenge.

*

Kituo kilikuwa nyumba ndefu ya mabati, kuta zake zimejaa mabaka ya saruji mahali risasi zilipopita miaka ile mtaa ulipokuwa mtupu. Ndani mlikuwa na mikeka, kioo kirefu, ngazi ya hatua tatu isiyopanda kokote, na baiskeli isiyokwenda popote. Watu kumi na wawili, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa asubuhi. Mkubwa wao alikuwa Léonce, kine, mtu mfupi mwenye filimbi shingoni, aliyekuwa zamani akifundisha mpira wa wavu shuleni.

"Hapa hakuna mzee, hakuna kijana," alimwambia Rachidi. "Iko viungo tu. Vua suruali."

Sijaona alikuwa amemkatia kaptula kutoka suruali ya suti ya zamani. Rachidi alijitazama kwenye kioo. Tangu alipooa hakuwa ameonyesha miguu yake kwa watu wasio wa ndugu, na sasa aliona alikuwa na sababu nzuri: mguu mmoja wa fundi, na mwingine mwembamba kama wa korongo.

"Usiogope, mzee," ilisema sauti kutoka mkekani. "Wewe unayo miwili. Angalia mimi."

Huyo alikuwa Révérien, kijana wa miaka ishirini na sita, wa Kinama. Mguu wake wa kushoto, chini ya goti, ulibaki kwenye njia ya kwenda shambani kwao, mahali mtu fulani alipofukia bomu na kuendelea na safari yake. Sasa alikuwa na mguu wa plastiki wenye kiatu kipya. Kabla ya hapo alikuwa mchukuzi wa baiskeli: ndizi za Kinama mpaka soko kuu, mikungu sita kwa safari moja. Alitaka kitu kimoja tu duniani, kupanda baiskeli tena.

"Na wewe, nini kilikupata?"

Mtu mmoja akadakia, "Ni kombora. Karani alituambia."

"Ee!" alisema Révérien. "Basi karibu, mzee Kombora."

Kazi ikaanza. Kukaza paja mpaka hesabu ya kumi. Kuinua mguu uliofungwa kifuko cha mchanga cha kilo mbili. Kuvuta mpira wa ndani wa tairi uliofungwa kwenye nguzo. Rachidi aliutambua mara moja kuwa wa Toyota, tena wenye kiraka kibaya. Siku ya kwanza jasho lilimtoka kana kwamba amebeba injini mgongoni. Siku ya pili hakuweza kushuka kitandani. Siku ya tatu alikuta Révérien amemwekea mkeka kando ya wake.

Révérien ndiye aliyehesabu. Alihesabu kwa Kirundi, kwa sauti ya mnadani, na aliiba kwa kurudi nyuma.

"Rimwe! Kabiri! Gatatu! Kabiri! Gatatu!"

"We! Gatatu tumeishapita!"

"Mzee, we fanya mazoezi, hesabu niachie mimi."

Léonce alipuliza filimbi, lakini hata yeye alikuwa anacheka. Wiki ya tatu Rachidi alikuja na bisibisi na spana mbili mfukoni, akaitengeneza baiskeli isiyokwenda popote, maana mnyororo wake ulikuwa unaruka. Akaukaza, akautia mafuta. Révérien alifungwa mguu wa plastiki kwenye pedali kwa kamba, akaendesha dakika ishirini macho yamefumba.

"Umefika wapi?" Rachidi aliuliza.

"Muramvya."

"Barabara salama?"

"Salama kabisa, mzee. Hakuna kizuizi hata kimoja."

Chumba kizima kiliangua kicheko, hata mama mmoja ambaye tangu aanze kuja hakuwa amecheka.

Nyumbani pia mazoezi yakawa desturi. Jioni, kabla ya magharibi, Sijaona alichambua mchele kibarazani huku akimhesabia, na yeye hakuiba hata moja. Majirani walikuja kutazama miguu ya fundi, wakazoea, wakaacha kuja. Mwisho wa mwezi wa pili wa mazoezi Léonce aliweka rula yake ya plastiki gotini, akasoma, akasoma tena. Goti lililoanza kwa kukunjwa nusu lilikuwa limebakiza kidogo tu.

"Mwezi mmoja bado," alisema Léonce. "Ukiacha sasa, litarudi kulala."

Rachidi alitoka siku hiyo akipiga mluzi. Kwenye benchi la nje alikaa mwanamke.

*

Aliitwa Epiphanie. Alikuwa na umri wa miaka arobaini hivi, na gongo alilolitegemea lilikuwa tawi lililochongwa kwa kisu, na kitambaa kimefungwa juu lisimchubue kwapa. Léonce alikuwa ameshamwambia: wafadhili wanalipia watu kumi na wawili, na orodha imejaa. Labda mwezi wa tatu kutoka sasa. Alikuwa ameitikia "Ego," ndiyo ya Kirundi, kwa adabu, akaketi apumzike kabla ya kurudi.

Jumatano alikuja tena.

"Mama, si nilikuambia?" Léonce alisema.

"Uliniambia. Nilisema pengine leo mutu hakukuja."

Wote walikuwa wamekuja. Ijumaa pia wote walikuja. Wakati wa kupumzika Rachidi alimpelekea maji ya kunywa.

"Unatoka wapi, mama?"

"Kinama."

"Kwa miguu?"

"Kwa mmoja na nusu." Alicheka kidogo. "Risasi iliingia hapa kwenye nyonga. Nilikuwa nimelala. Wenzangu waliopigwa walikuwa wanakimbia, mimi nilikuwa kitandani kwangu. Ilipita kwenye ukuta, ikapita kwenye godoro, ikanikuta. Na wewe, baba, ni nini ilikupata?"

Rachidi alifungua mdomo. Révérien, aliyekuwa mlangoni akijipepea kwa fulana, alimtangulia.

"Huyu? Huyu ni mzee Kombora, mama! Liliangukia pale karibu yake, naye anasukuma mutoto wa watu kando. Mutoto muzima, yeye goti!"

Epiphanie aliweka kikombe chini. Akaushika mkono wa Rachidi kwa mikono yake miwili, kama mtu anavyoshikwa kwenye msiba wake au kwenye harusi yake.

"Mungu akulinde, baba," alisema. "Angalau wewe hukuumia bure."

Rachidi alirudi ndani. Aliinua kifuko cha mchanga mara thelathini, na kama ungemuuliza kilikuwa na kilo ngapi, siku ile angekwambia hamsini.

*

Chakula cha mchana hakukigusa. Sijaona alikifunika, akakaa mbele yake.

"Sema."

Akasema. Alimweleza yote: gongo la tawi, godoro, na mikono miwili ya yule mama.

"Nikisema ukweli nitatoka," alimaliza.

"Utatoka."

"Na goti bado."

"Bado."

"Nitaitwa mwongo."

"Na mutu anayesema uongo anaitwaje, baba Houda? Imamu?"

"Batanicheka, Sijaona."

"Batakucheka. Mi nimekucheka miezi minane sasa. Umekufa?" Alifunua sahani, akamsogezea. "Kula. Huwezi kwenda kuaibika na njaa."

Rachidi alikula. Ulikuwa mchicha na dagaa, na kwa mara ya kwanza siku ile aliona vina chumvi.

*

Jumatatu aliwakuta wanafunga vifuko. Hakuvua suruali. Alisimama mbele ya kioo kirefu, kwa hiyo watu walimwona mbele na nyuma kwa wakati mmoja, na hakukuwa na pa kujificha.

"Niko na neno," alisema. "Mimi sikupigwa na kombora. Niliteleza. Nilikuwa nakimbiza bata ya bibi yangu."

Mtu mmoja alicheka, akidhani ni utani wa asubuhi. Alipoona anacheka peke yake, aliacha.

"Bata?" alisema Révérien.

"Bata."

"Na mutoto?"

"Hakuna mutoto."

Uso wa Révérien, ambao siku zote ulikuwa kama redio iliyowashwa, ulizimwa.

"Mama yangu anakuombea," alisema. "Kila jioni. Anasema, na yule mzee wa Buyenzi aliyeokoa mutoto. Anakutaja baada yangu mimi."

Akageukia ukutani, akavuta mpira wa tairi, akaanza kuhesabu peke yake, kwa sauti ndogo, moja baada ya nyingine, bila kuiba.

Ofisini Léonce alitoa orodha, akaweka rula chini ya jina la Rachidi, akalipiga mstari. Kisha akakaa akiuangalia.

"Sikuona kovu kwenye goti lako," alisema. "Siku ya kwanza kabisa. Nilijiuliza. Sikukuuliza."

"Kwa nini?"

"Kwanza nilisema pengine kombora ilikutupa chini. Halafu ulitengeneza baiskeli yangu." Alivua filimbi, akaiweka mezani. "Wengine wakiumia wanakuja kama wanakwenda jela, mzee. Wewe ulikuja kama unakwenda mpira. Chumba kikabadilika. Ndiyo maana niko na hasira na wewe, na mimi mwenyewe pia. Sasa toka. Na mazoezi usiache. Goti haijui orodha."

Nje, kwenye benchi, Epiphanie alikuwa ameshafika.

"Mama," Rachidi alisema, "iko nafasi."

Aliinuka haraka kuliko nyonga yake ilivyopenda, akashika ukuta. "Iko mutu amekufa?"

"Apana."

"Amepona?"

Ilikuwa rahisi mno. Neno moja tu, na yule mama angeingia ndani anamwombea. Rachidi alisikia lile neno limeshafika ulimini.

"Apana, mama. Amefukuzwa. Ni mimi. Nilisema uongo, sikuumizwa na vita. Nafasi ilikuwa ya mutu kama wewe."

Epiphanie alimtazama usoni, kisha gotini, kisha usoni tena. Alikuwa mtu aliyekwisha kuona uongo mwingi, tena wa watu wakubwa kuliko fundi wa Buyenzi.

"Wiki nzima nimekaa hapa inje," alisema.

"Najua."

"Sawa." Akapachika gongo lake kwapani. "Basi nisichelewe."

Akapita mlangoni. Rachidi alisikia filimbi ya Léonce, na sauti ikisema, "Hapa hakuna mama, hakuna baba. Iko viungo tu." Akaondoka.

*

Habari ilimtangulia Buyenzi. Karani alimwambia Anouar, Anouar akawaambia wateja, na Jumanne Rachidi alipopita barabara ya kumi na tatu mafundi cherehani wote wanne wa pale walilia kwa pamoja, "Kwa! Kwa! Kwa!" Kwa wiki mbili aliitwa Mzee Bata. Wateja walimletea salamu za bata. Mmoja alimuuliza kama na kondoo ni hatari. Rachidi aliitikia zote, maana aliona ndiyo kodi yake, na siku ya kumi na tano watu walipata jambo jingine la kucheka.

Kitu kigumu kilikuwa mazoezi. Alifunga mpira wa Toyota kwenye nguzo ya uani, akajaza kifuko mchanga, akaanza. Sijaona alihesabu. Lakini hakukuwa na mkeka wa pili kando yake, wala mtu wa kugombana naye juu ya gatatu. Kuna jioni alifanya kumi akaacha. Kuna jioni hakuanza.

"Unangoja nini?" Sijaona aliuliza.

"Sijui. Miguu mizito."

"Si miguu," alisema mkewe.

Hata hivyo aliendelea, kwa sababu Léonce alikuwa amesema goti haijui orodha, na kwa sababu Sijaona aliweka sinia la mchele pale kibarazani saa ileile kila siku, akamngoja. Mwezi ukapita, na nusu ya mwingine. Adhuhuri moja, msikitini, alisimama kwenye safu na watu wengine bila kufikiri, akarukuu, akasujudu, paji la uso likagusa mkeka, akainuka bila kushika kitu. Baada ya sala wale wazee wa viti walimpa mkono mmoja mmoja, kama wanamuaga msafiri.

*

Ilikuwa mwezi wa saba wa mwaka uliofuata Révérien alipotokea gereji. Alikuja akisukuma baiskeli ya mizigo, nzito, ya Kichina, na alitembea vizuri. Mtu asiyejua angesema ana kiatu kinachombana. Anouar alimwona kwanza, akakumbuka ghafla kwamba ana kazi upande wa pili wa gari.

"Banasema we ni fundi," alisema Révérien. Hakusalimia.

"Wa magari."

"Baiskeli ni gari ya maskini." Alionyesha pedali ya kushoto. "Muguu unateleza. Kamba inakatika. Nikifika kwenye kilima kidogo, muguu uko kwake, pedali iko kwake."

Rachidi alichukua baiskeli, akaipindua, akaiweka juu ya boksi. Alikata kipande cha mpira mnene wa tairi, akakikunja kama kiatu kisicho na kisigino, ili mguu uingie kwa mbele na uweze kuchomoka mtu akianguka. Spana ikalia, ikifungua na kukaza.

"Epiphanie anakusalimia," Révérien alisema mwishowe.

"Anaendeleaje?"

"Gongo ametupa. Sasa yeye ndiye anahesabu. Haibi hata moja, anatuua."

Rachidi alitoboa tundu la kwanza. "Na mama yako?"

"Mama yangu." Révérien alikaa juu ya tairi. "Nilimwambia siku ileile. Nilidhani atalaani. Alicheka, mzee. Alicheka mpaka akatoka inje. Siku tatu nzima, akiwa anapika, anacheka peke yake. Nikakasirika, nikamuuliza ni nini ya kucheka. Akasema, mwanangu, hadithi za makombora tunazo kwenye kila nyumba. Ya bata hatujawahi kupata."

Rachidi aliinamisha kichwa, akatoboa tundu la pili.

"Anasema bado anakutaja," Révérien aliongeza. "Ila sasa anasema, na yule mzee wa bata."

"Mwambie asante."

"Mzee."

"Naam."

"Umechuchumaa."

Rachidi alijitazama. Kweli alikuwa amechuchumaa, visigino chini, makalio karibu yaguse ardhi, kama fundi yeyote barabarani. Hakujua tangu lini. Anouar, upande wa pili wa gari, alichungulia, akarudisha kichwa.

"Funga kamba za kiatu," Rachidi alisema, akiinuka. "Tujaribu."

Waliipeleka baiskeli barabarani. Révérien alipanda, mguu ukaingia kwenye mpira, ukakaa. Hatua tano, akaanguka mbele ya mafundi cherehani. Mguu ulichomoka kama ulivyotakiwa, akainuka akitukana kwa furaha. Mara ya pili Rachidi alishika kiti nyuma, akatembea naye, kisha akatembea haraka, kisha akaachia. Baiskeli ikayumba kulia, ikayumba kushoto, ikanyooka.

"Rimwe!" alipaza sauti Révérien, akikanyaga. "Kabiri! Gatatu! Kabiri!"

Barabara ya kumi na tatu ilipiga makofi. Rachidi alirudi gereji akipangusa mikono, moyo umejaa, akainama kukusanya vyombo vyake. Juu ya boksi, kando ya bisibisi, palikuwa na vipande viwili vidogo vya mpira mweusi alivyovifungua mwenyewe ili gurudumu lisimzuie kazi.

Breki.

"Révérien!" aliita. "Révérien, simama!"

Kijana aliinua mkono mmoja, kama mtu anayeitikia salamu, na barabara pale inateremka kidogo kuelekea mjini.

Rachidi alitupa bisibisi akatimua mbio. Alimruka mbuzi, akaruka mfereji, akapita cherehani nne zilizonyamaza zenyewe, ndara zote mbili miguuni, goti la kulia likikunjuka na kukunjika kama lilivyoumbwa. Révérien alisikia vishindo nyuma yake, akageuza shingo, akamwona mzee anakuja kwa kasi. Akadhani ni mashindano. Akacheka, akainamia usukani, akaongeza mwendo, na Rachidi naye akaongeza wake.